Sauti ya Baba na Sidii Iliyokwama



Mara nyingi walimu huandika katika kurasa hizi habari za kilimo, au za usafi wa nyumba, au za malezi ya watoto. Leo naomba ruhusa yenu niandike habari ya chombo kimoja kilichokwama ndani ya gari langu, na jinsi kilivyofunguliwa. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hii, ya kuwa wengi wenu sasa mnayo magari yaliyokwisha kutumika yatokayo Ujapani, au mna ndugu wenye magari hayo, na chombo hiki kimo ndani ya mengi yake. Huenda yakawapata yaliyonipata mimi. Ya pili ni ya kuwa kwa ajili ya chombo hiki nalimkosea mtoto, tena nalimkosea mbele ya watu. Basi yafaa na kuungama kwangu kuwe mbele ya watu.

Gari langu ni dogo. Nalilinunua mwaka 2019 kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, nalo lilikuwa limetengenezwa Ujapani mwaka 2003. Ndani yake imo redio, lakini redio hiyo haisemi sana katika nchi yetu. Sababu yake ni kuwa redio za Ujapani za miaka ile zilifanywa kupokea FM kuanzia namba 76 mpaka 90, na stesheni zetu nyingi zi juu ya hapo, mpaka 108. Mtu akitaka kuzisikia, hana budi kufungiwa kijisanduku cha kuzishusha stesheni, nami sikukifunga. Basi faida ya redio ile kwangu ilikuwa moja tu, yaani kupiga sidii.

Kwa ajili ya wale wasioifahamu sidii, nitaeleza kidogo. Sidii ni kisahani cha plastiki iliyo angavu kama kioo, upana wake sentimita 12, na unene wake milimeta 1.2. Zilianza kuuzwa huko Ujapani mwaka 1982. Wazee wetu waliozijua santuri za gramafoni watakumbuka ya kuwa santuri ilikuwa na mfuo, na sindano ikipita ndani ya mfuo huo. Sidii haina sindano. Sauti yake imeandikwa kwa alama ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo zimepangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Mstari huo ukinyoshwa, urefu wake hupita kilometa 5. Nuru nyembamba iitwayo leza huzisoma alama hizo kutoka chini, wala haiigusi sahani hata kidogo.

Sahani moja huchukua muziki au maneno ya dakika 74 hivi, na hizo si nyingi katika safari ndefu. Kwa hiyo mafundi wa magari walibuni chombo kinachomeza sidii sita kwa mdomo mmoja, kikaziweka moja juu ya moja, kisha kikaichagua ile itakiwayo. Magari ya siku hizi yameacha chombo hicho, kwa kuwa watu hupiga nyimbo kutoka katika simu zao. Bali magari ya miaka ile bado yanatembea katika barabara zetu, na vyombo vyake vimezeeka pamoja nayo.

Katika sidii zangu sita, tano zilikuwa za kwaya, nazo naweza kuzinunua tena. Ile ya sita ndiyo yenye habari hii.

Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti katika milima hii ya Usambara muda wa miaka mingi. Mwaka 2009, alipokwisha kustaafu, kijana mmoja wa kanisa alikuja na kompyuta yake na kipaza sauti, akamketisha baba barazani, akamwomba asimulie. Baba akasimulia habari za wazee wake, na jinsi kanisa letu la kwanza lilivyojengwa kwa miti na udongo, na majina ya watu waliochukua mawe. Mlikuwamo humo kikohozi chake, na jogoo aliyewika katikati ya maneno, na baba akimkemea jogoo. Yule kijana akaiandika sauti hiyo katika sidii moja, akatupa. Baadaye kompyuta yake ikaharibika, na yote yaliyokuwamo yakapotea. Baba akafariki mwaka 2012. Basi katika dunia nzima sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, katika kisahani kile kimoja.

Nisiwafiche, nalikuwa nimeshauriwa mara nyingi kuinakili. Mke wangu alinishauri, na mwalimu mwenzangu alinishauri. Kila mara nalijibu, “Nitafanya likizo.” Likizo zikaja, zikapita.

Jambo moja nalilifanya kwa haraka, nalo ni kuipamba. Nalinunua karatasi nyeupe yenye gundi, nikaikata mviringo, nikaandika kwa mwandiko wangu bora, “Sauti ya Baba”, nikaibandika juu ya sidii. Nalidhani nimemheshimu baba.

Hata mwezi wa Machi mwaka 2022, siku ya Jumamosi, nalishuka kwenda Mombo kumwona shangazi yangu. Yeye ndiye aliyebaki peke yake katika ndugu za baba, naye alikuwa hajapata kuisikia sauti ile. Alikuwa mzee sana na macho yake yamepungua nguvu. Nalikuwa nimempelekea habari, nikisema, “Shangazi, safari hii nitakuletea kaka yako uongee naye.” Katika gari tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, anayekaa kwangu kwa ajili ya shule.

Tuliposhuka kutoka Soni, niliipiga ile sidii, nayo ikasema vizuri. Tulipofika Mombo tukaambiwa ya kuwa shangazi amepelekwa zahanati, na atarudi jioni. Basi gari likakaa uani pasipo kivuli tangu asubuhi mpaka alasiri. Ninyi mlio wa milimani mnalijua joto la Mombo katika mwezi wa Machi. Nami nalikuwa na haja zangu sokoni, nikampa mtoto sarafu mbili za shilingi mia mbili ili anunue kitu cha kula, nikamwachia na ufunguo, maana alipenda kuketi mlangoni mwa gari.

Shangazi aliporudi tulimketisha katika kiti cha mbele, akaweka mikono juu ya magoti yake kama mtu anayengoja sala. Nikawasha, nikabonyeza namba tatu. Chombo kikalia krr, krr, krr, kikanyamaza. Kikalia tena, kikanyamaza. Mara ya tatu kikaandika katika kioo chake herufi za kuonyesha kosa, wala hakikupiga, wala hakikutoa sidii yo yote. Nikabonyeza huku na huku. Nikapiga dashibodi kwa kiganja. Hapana lililotokea.

Shangazi akangoja. Kisha akasema kwa upole, “Basi, mwanangu, siku nyingine, Mungu akipenda.” Akashuka akisaidiwa na wajukuu zake.

Ndugu zangu, aibu huzaa hasira upesi sana. Nikamgeukia yule mtoto, nikamwuliza, “Umetia nini humu?” Akajibu, “Mjomba, sikutia kitu.” Nikamwambia afungue mkono. Mkononi ilikuwamo sarafu moja. “Na ya pili i wapi?” Akasema, “Nimenunua karanga.” Lakini karanga sikuziona, maana alikuwa amekwisha kuzila, na mdomo wa chombo kile ni mwembamba, wenye nafasi ya kupita sarafu. Basi mimi, mwalimu, ninayewafundisha watoto ya kuwa hesabu haina jibu mpaka iwe na njia, nikapata jibu pasipo njia. Nikasema, “Umeitia sarafu ndani, kisha unanidanganya.” Akalia. Nikahesabu machozi yake kuwa ushahidi.

Kama ningalikomea hapo, kosa langu lingalikuwa dogo. Lakini mtoto huyo alikuwa amechaguliwa kusoma somo kanisani siku ya Pasaka, naye alikuwa akilisoma kila jioni kwa sauti, mpaka mke wangu akalijua kwa moyo. Mimi nikaenda kwa mzee wa kanisa, nikamwambia mbele ya watoto wengine wa shule ya Jumapili, “Mchague mwingine. Huyu ni mwongo, hafai kusimama mbele ya watu.” Mzee akanitazama, akasema, “Ikiwa mwalimu amesema, nani atakataa?” Mtoto mwingine akachaguliwa. Siku ya Pasaka, tarehe 17 Aprili, mpwa wangu aliketi nyuma kabisa karibu na mlango.

Mke wangu aliniuliza neno moja tu. “Mwalimu, je, sarafu hiyo umeiona kwa macho yako?” Nikamjibu ya kuwa mambo mengine hayahitaji kuonwa.

Baada ya Pasaka nalilipeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Akaingiza kisu kipana katika mdomo wa redio, akaanza kuvuta. Nikasikia plastiki ikilia, nikapiga kelele aache. Akasema, “Mwalimu, sidii zitavunjika, lakini redio itapona. Ama ununue redio nyingine.” Nikamwambia ya kuwa ninachotaka ni sidii, redio si kitu. Akacheka. Nikaliondoa gari.

Katika kijiji chetu yuko mzee mmoja fundi wa cherehani na saa na redio. Gari hakupata kulifungua, lakini nikamwendea, kwa kuwa nalikuwa nimemwona mara nyingi akikifungua kitu na kukifunga tena pasipo kubakiza skrubu hata moja mkononi. Akanisikiliza, akasema, “Njoo nalo Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tena uje na mtu wa kushika taa, mwenye mikono midogo.” Mke wangu akasema, “Mikono midogo imo humu nyumbani.” Basi nikaenda na mpwa wangu, wala hatukuongea njiani.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu, ili apataye taabu hiyo aifuate.

Jambo la kwanza mzee alikataa kufungua. Alisema kila kitu kijaribiwe kwanza kwa upole. Tukakiacha chombo kipoe, tukakiwasha, tukabonyeza kitufe cha kutoa sidii na kukishikilia kwa muda. Haikufaa. Tukaitoa fyuzi ya redio, tukangoja kidogo, tukairudisha. Maana baadhi ya vyombo hivi vikikosa umeme kisha vikaupata tena, hujirudisha vyenyewe mahali pa kuanzia. Haikufaa vile vile, lakini ni vizuri kujaribu, kwa kuwa haina gharama. Alinionya sana nisiingize kitu kingine mdomoni, wala sidii ya pili ya kuisukuma ya kwanza, wala kadi, wala kisu. Chombo kilichopaliwa hakiponi kwa kulishwa tena.

La pili aliuliza, “Je, redio hii hudai namba ya siri ikikosa umeme?” Maana ziko redio ambazo betri ikifunguliwa hujifunga, zisiseme tena mpaka mwenyewe aandike namba yake, nazo nyingi huandika kwa Kijapani. Nikamwonyesha ya kuwa mwaka uliopita nalibadili betri, nayo ikasema bila kudai kitu. Ndipo tukaufungua waya wa betri wa upande wa hasi kwa spana namba 10. Jambo hilo hufanywa ili umeme usiruke wakati wa kazi, tena ili leza isiwake. Nuru ya leza ya sidii haionekani kwa macho, na kwa sababu hiyo mtu asikitazame kamwe chombo kilichofunguliwa nacho kinapata umeme.

La tatu tukaondoa ubao wa plastiki uliozunguka redio. Umeshikwa kwa vibanio vya plastiki, navyo katika gari la zamani huvunjika upesi. Mzee akaifunga bisibisi bapa kwa kitambaa, akaviachilia kimoja kimoja. Nyuma yake zikaonekana bolti nne za kuishika redio. Tukazifungua, tukaivuta redio mbele taratibu, tukachomoa nyaya zake na ule wa eriali. Kila kilichotoka, mpwa wangu alikitia katika kiberiti kitupu chenye namba, na mzee akachora picha yake katika karatasi. Viberiti vilikuwa saba.

La nne tukaiweka redio juu ya meza, juu ya shuka nyeupe, ili skrubu ikianguka ionekane. Tukaondoa kifuniko cha juu. Ndugu, nalistaajabu. Ndani mna vibao vyembamba vimepangana kama madaraja ya kabati, kila kibao kimelala sidii yake. Mna magurudumu madogo yenye meno, yanayopandisha na kushusha vibao hivyo. Na karibu na mdomo mna roli nyembamba ya mpira, ambayo kazi yake ni kuibana sidii na kuivuta ndani au kuisukuma nje, kama vile mashine ya kukamua miwa inavyoushika muwa.

Nikaitafuta sarafu. Nikainama mpaka pua yangu ikakaribia vyuma. Mzee akasema, “Wewe mtoto, leta taa huku.” Mtoto akaisogeza taa. Sarafu haikuwamo. Tukakiinua chombo, tukakiinamisha huku na huku polepole, hakikulia kitu ndani yake.

Ila tuliona karatasi. Ilikuwa imeng'oka nusu kutoka juu ya sidii ya tatu, ikajikunja, ikajizungusha katika roli ya mpira, na gundi yake imeyeyuka na kushika kila kitu. Sidii yenyewe ilikuwa imekaa upande, nusu katika kibao chake na nusu nje. Na juu ya ile karatasi iliyokunjwa, chini ya nuru ya taa iliyoshikwa na mtoto, nikausoma mwandiko wangu mwenyewe: “Sauti ya”.

Mzee alisoma. Mtoto naye alisoma, maana nalimfundisha kusoma mwenyewe. Hapana aliyesema neno. Taa ikatikisika kidogo, kisha ikatulia.

Nikataka kuinyakua karatasi ile niing'oe yote. Mzee akanishika mkono, akasema, “Keti kwanza. Mkono wenye hasira haushiki skrubu.” Kisha akanieleza neno ambalo sikulijua, nami nataka kila mmoja wenu alijue. Watu wengi huogopa kuukwaruza upande wa chini wa sidii, ule unaong'aa, wakadhani sauti iko hapo. Kumbe chini ni plastiki nene, na mkwaruzo mdogo hauiharibu sana. Sauti iko juu, chini kabisa ya maandiko, na juu yake hapana ila utando mwembamba wa madini na rangi ya kuukinga. Ukiing'oa karatasi yenye gundi, huweza kuung'oa utando ule pamoja nayo, na palipong'oka hapatasema tena milele. Basi kama ningalivuta, ningaliibandua sauti ya baba kwa vidole vyangu.

Ndipo nikaketi. Mzee akatafuta gurudumu dogo lililo karibu na mota, akaligeuza kwa ncha ya kidole. Upande mmoja likakataa, naye hakulilazimisha. Akaligeuza upande wa pili, likakubali kwa taabu, vibao vikapanda kiasi cha unene wa ukucha. Kisha akamwambia mtoto akate karatasi kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, ile sehemu iliyokwisha kung'oka tu, wala asiiguse iliyoshika. Vidole vyangu havikuenea mle ndani. Mtoto akatoa ulimi pembeni kama afanyavyo akiandika imla, akakata mara nne. Mzee akageuza tena, na sidii ikarudi mahali pake, kisha ikatoka. Zikafuata zile nyingine tano, zote nzima.

Roli ya mpira tukaisafisha kwa pamba na spiriti kidogo, mpaka gundi ikaisha, tukaiacha ikauke. Mafuta hatukutia, maana mafuta juu ya mpira ni adui. Huufanya uteleze na kuoza. Kilenzi cha leza tukakipangusa vumbi kwa pamba kavu, pasipo kukikandamiza. Kisha tukafunga kwa kufuata viberiti kutoka cha saba mpaka cha kwanza. Tulipouunga waya wa betri, saa ya redio ikaonyesha mwanzo wa hesabu yake, chombo kikajizungusha chenyewe mahali pote sita, kikatulia. Tukakipa sidii moja ya kwaya, ikaimba.

Sidii ya baba hatukuirudisha katika gari. Karatasi iliyobaki upande mmoja ingeifanya iyumbe ikizunguka, nayo huzunguka mara 200 mpaka 500 kwa dakika. Nikaipeleka kwa mwalimu mwenzangu mwenye kompyuta, akainakili polepole. Sauti ikatoka. Mahali pamoja, dakika moja hivi, haisomeki, kwa kuwa utando ulikuwa umekwisha kuharibika hapo. Alichosema baba katika dakika hiyo hatutakijua tena. Yaliyobaki sasa yako katika nakala tatu, nyumba tatu mbalimbali.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ile, tulipokwisha kufunga kifuniko, nalimwambia mtoto mbele ya mzee, “Nalikusingizia. Sarafu haikuwapo, na aliyekwamisha ni mimi. Nisamehe.” Nalidhani atalia, au atafurahi. Yeye akanitazama, akasema, “Mjomba, hata mimi nilianza kudhani labda niliitia, nikasahau.”

Ndugu wasomaji, neno hilo lilinichoma kuliko laumu yo yote. Mtoto alijua kweli yake, nami kwa nguvu ya cheo changu nalimfanya aishuku. Sisi walimu na wazazi tuna uwezo huo, na ni uwezo wa kutisha. Tukimwambia mtoto mara nyingi ya kuwa yu mwongo, mwisho hatajua tena kweli ni ipi, hata katika moyo wake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nalikwenda kwa mzee wa kanisa, nikaomba niseme mbele ya watoto wale wale wa shule ya Jumapili. Nikasimama, nikawaonyesha kile kipande cha karatasi chenye mwandiko wangu, nikawaeleza habari yote. Baadhi yao walicheka kidogo kuona mwalimu akiomba radhi. Niliwaacha wacheke. Mzee wa kanisa akasema ya kuwa Pasaka imekwisha kupita, bali Pentekoste haijapita. Basi siku ya Pentekoste, tarehe 5 Juni, mpwa wangu alisoma somo, na sauti yake ikasikika mpaka mlangoni.

Wiki iliyofuata tulishuka tena Mombo, mimi na yeye. Shangazi akaketi mahali pake pa kwanza, akaweka mikono magotini. Mtoto ndiye aliyebonyeza. Baba alipokohoa, shangazi akatabasamu, na alipomkemea jogoo, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, “Ndiye. Hakupenda kukatizwa tangu utoto.” Tukasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Irudieni.”

Basi, wapenzi wasomaji, mkiwa na sidii yenye sauti ya mtu mmpendaye, msiibandike karatasi, msiiache katika joto la gari, na nakala ifanyeni leo, msingoje likizo. Na chombo kikikwama, kabla hamjatafuta sarafu mkononi mwa mtoto, tafuteni kwanza mwandiko wenu wenyewe. Habari ya kibanzi na boriti tumeihubiri mara nyingi sisi walimu. Mimi ilinibidi kuionyeshwa kwa taa.

Kile kipande cha karatasi nimekitia katika kitabu changu cha kuita majina ya wanafunzi. Kila asubuhi nikifungua kitabu, nakiona.

Wasalaam.

Ni mimi, mwalimu wa shule ya kijiji, Usambara.